Mvua ya Dubu Brezna

Ukitaka kumjua Orest Bilanchuk, usihesabu magoli. Alicheza mpira wa magongo kwenye barafu kwa mshahara tangu ujana hadi ndevu zilipoanza kuota mvi, na katika muda wote huo alifunga goli moja tu. Hata hilo, kile kisahani cheusi wanachochezea badala ya mpira kilimgonga makalioni kikaingia wavuni huku yeye anatazama upande mwingine. Kazi yake haikuwa kufunga. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba wenye kufunga wanarudi nyumbani na mbavu zao zote. Kila timu ya nyanda zile za ngano ilikuwa na mtu wa namna hiyo, mbabe wa timu, na mbabe wa Wapuraji wa Brezna alikuwa Orest.

Sisi watu wa Brezna tulimpenda kupita kiasi, wala sioni haya kusema. Mji wenyewe ni maghala ya ngano, kanisa lenye kuba, duka la vipuri vya matrekta na ukumbi wa barafu. Sasa ungetaka tupende nini, vipuri? Orest akiinuka tu kwenye benchi, ukumbi mzima ulipiga miguu chini, na waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa akina mama wa kwaya, ambao asubuhi yake walikuwa wameimba habari za amani.

Kuteleza aliteleza vibaya, kama ng'ombe kwenye sakafu ya sabuni. Alipokwenda kujaribiwa akiwa kijana, kifua kimejengeka kwa kubeba marobota ya majani makavu, Kocha Mackie alimwita pembeni.

"Pasi hujui," kocha akamwambia. "Shabaha huna. Mbio ndiyo usiseme."

"Basi nirudi nyumbani, kocha?"

"Nani kasema urudi? Jana lile jitu lilipomkanyaga golikipa wetu, wewe ndiye uliyefika wa kwanza. Ulifikaje na miguu hiyo?"

"Sijui, kocha. Nilijikuta pale."

"Haya, mwanangu. Kazi yako ndiyo hiyo. Ujikute pale."

Na kweli alijikuta pale, mwaka baada ya mwaka. Aliifanya kazi ile kwa heshima, maana ina adabu zake, hata kama wageni huona ngumi tu. Humvamii mtu, unamwuliza kwanza kama yuko tayari, naye akikataa unamwacha. Glavu mnavua wote wawili. Waamuzi wakiingia kati, mmemaliza. Mtu akianguka, mkono unarudi. Baada ya hapo kila mmoja anakwenda kukaa kwenye kizimba chake cha adhabu, anaweka barafu vidoleni, na jioni mnaweza kukutana baa mkaulizana habari za watoto. Orest alivunjika pua mara nyingi mpaka ikachagua yenyewe upande wa kukaa. Bado alikuwa mtu wa kucheka. Kwenye basi la timu yeye ndiye aliyekaanga vitunguu kwenye jiko dogo la nyuma, jambo lililokatazwa, na dereva alijifanya hasikii harufu kwa sharti la kupewa sahani.

Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Mama yake hakuwahi kumwona akicheza.

Haikuwa kwa sababu ya umbali. Shamba la Stefania Bilanchuk lilikuwa karibu na mji kiasi kwamba taa za ukumbi zilionekana kutoka jikoni kwake. Wala si kwamba alichukia mchezo; mechi alizisikiliza redioni huku anakunja pirogi, visambusa vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Lakini sauti ya mtangazaji ikianza kupanda, "Bilanchuk anavua glavu!", mkono wenye unga ulikwenda moja kwa moja kwenye redio ukaizima.

Sababu ilikuwa marehemu Wasyl, baba yake Orest. Wasyl alikuwa mkulima hodari mwenye hasira za kutisha. Hasira zikimpanda uso wake uligeuka ukawa wa mtu mwingine, macho yakawa mepesi kama maji, na hapo ilikuwa heri avunje sahani kuliko watu. Alifia katikati ya shayiri yake Orest akiwa bado shuleni. Mjini walimlia kwa adabu, kisha wakaanza kumtazama kijana. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema, na walipomwona amekuwa mbabe wa timu walitikisa vichwa kama watu waliotabiri mvua ikanyesha.

Stefania hakusema maneno hayo. Alisema moja tu, siku Orest alipomletea tiketi kwa mara ya kwanza.

"Uso ule nimeuona humu ndani bure, mwanangu. Siwezi kwenda kuulipia kiingilio."

Orest aliirudisha tiketi mfukoni. Je, uso ule alikuwa nao? Yeye mwenyewe hakujua. Alijua kwamba ndani yake, wakati wa ngumi, kulikuwa na utulivu wa ajabu, kama mtu anayebeba meza kubwa kuipitisha mlangoni. Lakini hakuna mtu anayeuona uso wake mwenyewe. Magazeti yalipotoa picha zake aliyakunja upesi, na ile picha kubwa iliyobandikwa kwenye korido ya ukumbi aliipita huku anajifunga zipu. Aliogopa kumkuta Wasyl pale. Mbabe mzima, wa kuogopwa kutoka mji huu hadi milimani, alikuwa anaogopa picha.

Basi ikafika majira yake ya mwisho. Magoti yalikuwa yanalia kama milango ya ghalani, na baraza la mji lilikuwa limeshamwahidi kazi ya kuendesha greda la kusukuma theluji. Orest alikubaliana na yote hayo kwa furaha. Alitaka tu, kabla ya kutundika viatu vyake, mama yake aje mara moja akae kwenye kiti. Na alitaka siku hiyo asipigane. Amwone mwanawe akiteleza, hata kama kuteleza kwenyewe ni kule kwa ng'ombe, apige makofi, waende nyumbani wakale.

Aliyefanikisha jambo lile alikuwa jirani yao Bi Olha, mwanamke ambaye hata trekta lingemkubalia. Kila Desemba Wapuraji huwa na Jumapili ya dubu. Watu huja na dubu wa vitambaa, wa kununua na wa kushona, na timu ya nyumbani ikifunga goli la kwanza ukumbi mzima huwarusha barafuni. Wachezaji huwaokota wote wakawapelekea watoto waliolazwa hospitali. Mwaka ule chama cha akina mama wa kanisa kilishona dubu tangu wakati wa mavuno, na Stefania, mwenye mkono mzuri kuliko wote, alishona rundo zima kutoka kwenye mapazia yake ya zamani ya jikoni, yale ya manjano yenye maua.

"Umeshona, kisha nani akurushie?" Bi Olha alimwuliza. "Mimi? Mimi bega langu bovu."

"Olha, unanijua. Akianza kupigana nitatoka."

"Utoke, shoga, kwani kuna kufuli? Lakini nani atapigana mchana, watu wana dubu mapajani? Hata yeye ameapa hapigani."

"Kweli ameapa?"

"Ameniapia mimi. Na wewe kazi yako ni nyepesi: ukiona jambo zuri, rusha."

Jumapili ilipofika, Orest alitazama juu wakati wa kupasha mwili akawaona: kofia ya zambarau ya Bi Olha, na kando yake kitambaa cha kichwani cha mama yake, na dubu wa manjano wamepangwa mapajani kama watoto wa kanisani. Moyo ukamdunda kuliko siku yoyote ya ngumi. Akateleza hadi kwenye mstari wa kati, ambako mbabe wa wageni alikuwa ananyoosha misuli.

Wageni walikuwa Wachimbaji wa Kettle Falls, na mbabe wao alikuwa Armel Cormier, mtu wa pwani ya mashariki, mrefu kama mlingoti, mpole wa sauti. Orest na Armel walikuwa wamepigana mara nyingi hata wakasahau nani alianza. Waliwahi pia kubatiziana watoto.

"Vipi, mzee," Armel akasema bila kuinua kichwa. "Leo tunafanya kazi?"

"Leo niache, kaka. Mama yangu yupo."

Armel akainuka wima. "Mama yako? Yule wa pirogi? Yuko wapi?"

"Usimwangalie! Pale, kitambaa cha bluu."

"Mungu wangu. Ni mdogo hivyo? Wewe ulitokaje?"

"Armel, nakuomba."

"Sawa, sawa. Nikilazimika tu. Nawe ukilazimika tu. Msalimie."

Mechi ikaanza, na ikawa mbaya kama mechi za Desemba zinavyoweza kuwa. Wachimbaji walikuwa wamekula kiapo kwamba dubu wa Brezna hawataanguka. Hakuna aibu kubwa kwa timu kama kupitisha Jumapili ya dubu bila goli, watu wakarudi nyumbani na midoli yao kwapani, nao walitaka kutupa aibu hiyo tuiote mpaka Pasaka. Walizuia kila kitu. Kipindi cha kwanza bila goli, cha pili bila goli. Juu kwenye viti watu walishachoka kushika dubu. Walikuwa wamenyanyua mikono na kuishusha mara nyingi hata waliokaa mbele walikuwa wanapigwa na masikio ya dubu usoni. Kila mtu alikuwa ameshika wake tayari, kama anayengoja filimbi ya mbio.

Orest alikuwa na mchana mzuri. Alipata pasi moja akaitoa salama. Alipiga shuti moja likapita mbali, na Stefania akapiga makofi, maana hakujua kwamba lilikuwa baya.

Kisha, katika kipindi cha tatu, cha mwisho, kijana mmoja wa Wachimbaji alimsukuma Timo Rautio kutoka nyuma. Timo alikuwa mfungaji wetu, mdogo, mwepesi, na alikuwa amegeuka kukiokota kile kisahani cheusi kwenye kona. Alikwenda uso kwa uso na uzio. Mlio wake ulisikika mpaka kwa wauza soseji. Alipoinuka, damu ilikuwa inamtoka kidevuni, na yule kijana alikuwa ameshakimbilia nyuma ya wenzake.

Orest alijikuta pale. Katikati ya barafu akasimama, akatazama juu kwenye kitambaa cha bluu, akatazama kidevu cha Timo. Kama angerudi kwenye benchi, katika mechi zote zilizobaki kila mtu angejua kwamba wachezaji wa Brezna hawana mwenyewe. Kama angevua glavu, mama yake angenyanyuka na kutoka, na asingerudi tena maishani. Nawaambia, nilikuwa nimekaa karibu na nilimwona akivuta mkanda wa glavu na kuuachia.

Armel alikuja mwenyewe, polepole, kwa adabu.

"Samahani, kaka," akasema. "Yule mtoto ni mjinga. Lakini ni mjinga wetu, lazima nimjibie."

"Najua."

"Mama bado yupo?"

"Bado."

"Pole sana."

"Pole na wewe," Orest akasema, akavua glavu.

Ukumbi ukalipuka. Walishikana jezi wakazunguka, ngumi zikaenda na kurudi, na wale wa kwaya walikuwa wamepanda juu ya viti. Orest hakusikia kitu. Alikuwa na ule utulivu wake wa kubeba meza. Akapokea moja ya sikio, akatoa moja ya kifua, nyingine ya shavu, halafu kiatu cha Armel kikakwama kwenye ufa wa barafu na lile jitu likaenda chini kwa goti, kofia ngumu imemtoka, uso wazi mbele ya ngumi ya kulia ya Orest iliyokuwa tayari juu.

Watu wakapiga kelele, "Mpe! Mpe!" Mimi pia nilipiga.

Ngumi ikakaa juu kidogo, kisha ikafunguka. Orest akaweka mkono ule ule chini ya kwapa la Armel, akamwinua, akainama tena akamwokotea kofia yake.

"Uko sawa?"

"Kiatu hiki," Armel akahema. "Nilimwambia mke wangu kimekwisha. Hasikii."

Ndipo kitu kikaanguka kwenye barafu karibu na miguu yao, taratibu, kikajiviringisha, kikatulia. Orest akatazama chini. Alikuwa dubu, wa manjano, mwenye maua. Alilijua pazia lile. Alikula uji akilitazama utoto wake wote.

Sasa fikirini watu waliokaa mchana kutwa na dubu mkononi, misuli imekaza, macho yamechoka, wengine wamegeuka kutafuta soseji. Mtu wa namna hiyo akiona dubu mmoja anapaa hewani, haulizi goli limefungwa na nani. Kwanza walirusha walio karibu na Bi Olha. Halafu upande mzima. Halafu ukumbi wote, kwa kelele ambayo haijasikika Brezna tangu vita viishe, dubu weupe, dubu wa kahawia, dubu wakubwa kama ndama, wakanyesha mpaka barafu ikafichika. Mpiga kinanda akapiga wimbo wa goli. Golikipa wa Wachimbaji akageuka kutazama wavuni mwake, akaukuta mtupu, akafungua mikono miwili kama mtu aliyeibiwa.

"Nani kafunga?" refa akapaza sauti, dubu amemkalia begani.

"Hakuna," Orest akasema.

"Hakuna? Basi hizi takataka za nini?"

Armel alikuwa amefunikwa hadi magotini, anacheka mpaka ameshika mbavu. "Ni mama yake," akasema. "Mwandikie adhabu mama yake!"

Refa hakuwa na ucheshi huo. Aliipa Brezna adhabu ya kuchelewesha mchezo, na wababe wawili wakapelekwa kila mmoja kizimbani mwake, ambako walilazimika kusogeza dubu kwanza ndipo wakapata pa kukaa. Wachezaji wa timu zote mbili, hata yule kijana mjinga, wakaanza kuokota. Na kwenye kiti chake Stefania alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, huku Bi Olha akimpigia kelele sikioni.

"Nilikwambia jambo zuri! Goli, mwanamke, goli!"

"Hukusema goli. Ulisema jambo zuri. Nami nimeliona."

Hakutoka. Hilo ndilo Orest aliloliona kupitia kioo cha kizimba, na alilihesabu na kulihesabu tena: kitambaa cha bluu bado kilikuwa pale. Dakika za mwisho Timo, kidevu kimeshonwa, alipenya mabeki akafunga, goli la kweli lenye taa na king'ora, na hapakuwa na dubu hata mmoja wa kurusha. Watu wakarusha kofia, mitandio, glavu za sufu, mzee mmoja akarusha kiatu, na mtu ambaye hajajulikana hadi leo akarusha nusu ya mkate wenye jibini. Tulishinda moja bila.

Baada ya mechi, Stefania alishuka kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, mkoba kwapani. Wa kwanza kukutana naye alikuwa Armel, amelowa maji, plasta kwenye nyusi.

"Wewe ndiye unayempiga mwanangu?"

Armel akavua kofia. "Ndiyo, mama. Na yeye hunipiga."

"Umekula?"

"Basi letu linaondoka, mama."

"Basi halina breki? Waambie wenzako wasubiri. Pirogi ziko za kutosha." Akampapasa plasta ikae vizuri, kisha akamwacha, maana Orest alikuwa ametoka.

Orest alisimama chini ya ile picha yake ambayo hakuwahi kuitazama. Sikio lilikuwa limevimba. Alikuwa na maneno aliyoyapanga kizimbani, ya kuomba radhi, akachukua yale mafupi kuliko yote.

"Niliapa, Mama," akasema. "Sikutimiza."

"Nilikuwa nakuangalia uso. Tangu ulipovua glavu sikuangalia kitu kingine."

Orest akasogea karibu. "Ulimwona?"

Stefania alijua anaulizwa habari za nani.

"Baba yako hakuwahi kumwinua mtu," akasema. "Nilikaa naye ndoa nzima nikingoja amwinue mmoja tu. Hata mimi. Hata mimi hakuniinua, Orest."

Mbabe wetu akaanza kulia pale koridoni, mbele ya Armel na dereva wa basi na akina mama wa kwaya, wala hakujificha. Stefania akaweka mkoba chini. Akamvuta kichwa mpaka kikafika usawa wake, akaushika uso wake kwa mikono miwili, pua iliyopinda na sikio lililovimba na vyote, akautazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila kumtafuta mtu mwingine ndani yake.